Taji Moja, Wakwe Wawili

Shule ya Jeshi, Lanet
4 Machi 1957

Mama Sella,

Pokea salamu zangu pamoja na mtoto. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kikohozi chake, na kama hakijaisha mpeleke kwa daktari wa kambi wala usimsikilize mtu wa mitishamba. Tulifika salama. Lori lilitumwaga langoni tukiwa weupe kwa vumbi kama watu waliotoka kuchimba chokaa kule Kariandusi.

Kanali hakutudanganya. Lile taji la mkononi, cheo cha sajenti meja wa Kampuni C, haliendi tena kwa mzee wa kazi, wala kwa mwenye medali nyingi kifuani. Litakwenda kwa sajenti wa batalioni yetu atakayetoka hapa shuleni na alama za juu. Zamani walikuwa wakiuliza umepigana wapi. Siku hizi wanauliza ulipata ngapi. Kuna ramani, kuna Kiingereza, kuna kuandika amri, na kubwa kuliko yote ni kufundisha kwata, maana wanasema sajenti meja asiyeweza kusimamisha watu wakasimama ni karani tu.

Ramani naiweza. Kiingereza cha misheni bado ninacho. Nikilipata taji tunahama kile chumba cha mabati, tunapewa nyumba ya mawe yenye jiko lake, na hutapikia tena mlangoni huku mvua inakunyeshea.

Chakula ni kizuri, usingizi haba. Kuna jambo moja hapa linanisumbua, lakini ni la wanaume. Nitakueleza tukionana.

Mumeo,
Nicodemus Khaemba, Sajenti


Kambi ya Gilgil
13 Machi 1957

Baba Sella,

Jambo la wanaume! Barua ya Baba imenifikia jana na imesema kwa mstari mmoja kile ulichoshindwa kusema kwa kurasa mbili. Yuko hapo. Wamemtoa kwenye doria ya msituni Kinangop moja kwa moja wakamleta shuleni, naye anataka taji hilo hilo. Anasema mko banda moja, kitanda kwa kitanda, na kwamba kila jioni unabeba blanketi lako na kutoka. "Mkwe wangu ana adabu sana," ameandika.

Nani alikuambia mimi ni yai, nikiguswa napasuka? Mume wangu na baba yangu mzazi wanagombea kiti kimoja, na mimi naandikiwa habari za chokaa! Unajua nimezisikia wapi kwanza, kabla hata ya barua? Bombani. Sally, yule mke wa Owino, alinisubiri mpaka foleni ikajaa, ndipo akapaza sauti: "Mathe, sasa wewe utapigia nani makofi, mzee wako ama bwana yako?" Wanawake wote wakageuka. Nilibeba debe langu likiwa nusu nikaondoka, na kicheko chao nikakisikia mpaka kwenye kona.

Kikohozi kimeisha. Sasa niambie yote, na usinifiche hata kidogo, maana nimekasirika na hasira hii itakungoja hapa mpaka urudi.

Nabalayo


Lanet
17 Machi 1957

Mama Sella,

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungelia au ungecheka, na sijui kipi kingeniuma zaidi.

Wametupanga vitanda kwa herufi za majina. Mimi Khaemba, na humu bandani hakuna mtu wa L, kwa hiyo anayefuata ni Murumba. Nilipoingia nilimkuta baba yako amekaa kitandani anavua buti. Nikageuka nikatoka mkuku. Wewe unajua kwetu: mkwe halali na mkwe wake chini ya paa moja, hamwiti jina, haoni mgongo wake, na kumgusa ndiyo kabisa usiseme. Nikajilaza katika stoo ya kuni. Asubuhi moja mkaguzi akanikuta humo, nikaandikwa: sajenti amelala nje ya banda bila ruhusa. Hiyo ni alama ya kwanza iliyokwenda.

Bafuni ni vivyo hivyo. Saa yoyote nitakayochagua kwenda kuoga, nikishajipaka sabuni tu, huyo anaingia na taulo begani. Natoka mbio na povu kichwani, nusu ya shule inacheka.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini juzi kulikuwa na mtihani wa kufundisha kwata. Kila mtu anapewa kikosi cha wanafunzi wenzake, na anayepimwa ni yule anayefundisha. Sheria ni moja: ukiona kosa, unasimama mbele ya mwenye kosa, unamwita kwa jina, unamrekebisha kwa mkono. Baba yako alikuwa mstari wa mbele. Nikaamuru mguu sawa, na mguu wake wa kushoto ukatokeza nje kama wa bata. Kila mtu aliuona. Sajenti Meja Darweshi, mwalimu wetu, alisimama na fimbo yake kwapani ananingoja.

Nikampita. Mdomo ulikataa. Halafu kwa wazimu nikaenda kumkemea Owino, yule mume wa Sally, ambaye alikuwa amesimama sawa kabisa!

Alama nne kati ya ishirini. Bwana Kapteni anayetoa alama akasema sajenti anayeogopa mtu mmoja hawezi kusimamia mia. Nikamwambia, huyo ni baba wa mke wangu. Akasema hapa hakuna baba wa mke wa mtu. Miaka yote ile ya doria, watu wangu wote niliwarudisha wazima, na yote imefutwa na mguu mmoja na kijana mwenye kalamu. Hii shule inapima nini?

Mtihani wa pili wa kwata ni tarehe 29, na ndio wa mwisho. Nikipita tena namna ile, taji limekwenda. Usimwandikie baba yako neno lolote juu ya hili.

Nicodemus


Lanet
18 Machi 1957

Kwa binti yangu Nabalayo,

Salamu. Mama yako ameniandikia kutoka Kimilili, mahindi yameota vizuri na ndugu zako wanaendelea na shule.

Mimi hapa nina hasira na nitakuambia. Wamenipa kalamu ya risasi kama mtoto wa darasa la kwanza, wananiuliza kaskazini iko wapi. Nilikuwa Burma, natembea kwa nyota, wakati huyu Kapteni anayeniuliza ananyonya. Ramani imenishinda. Kiingereza nacho kimenishinda, kinatoka kichwani kama maji kwenye kikapu. Na nikikosa hili taji, Desemba wananivua sare. Wamekwisha niambia. Nikilipata wananiongeza miaka minne, na kwa miaka minne ndugu zako wote wawili watamaliza shule. Nikikosa watarudi nyumbani na mimi, tukatazamane.

Imebaki kwata. Kwata mimi naijua. Siku yangu ya kufundisha nilipewa zote ishirini, na mwalimu Darweshi alinisalimu kwa mkono. Mumeo akipata kidogo katika kwata, ramani yake haitamfikisha mbali, tutalingana. Tukilingana Kanali ataangalia miaka ya kazi, na kwa miaka hakuna wa kunigusa.

Mumeo ana heshima, sikatai. Juzi alinipita bila neno. Vijana wa namna hiyo siku hizi ni wachache. Ukimwandikia mwambie aendelee hivyo hivyo, asibadilike.

Ni mimi baba yako,
Peterson Murumba, Sajenti


Gilgil
22 Machi 1957

Baba Sella,

Kaa chini kabla hujasoma.

Baba yangu hakukosea ule mguu. Nisikilize. Nilipokuwa na miaka sita, akija likizo, alikuwa akitupanga mstari nyuma ya nyumba, mimi na watoto wa jirani, kila mmoja na bua la mtama begani. Kisigino kikitoka hata kidogo aliinama akakirudisha. Nusu ya masajenti wa batalioni yenu amewafundisha yeye. Hata akiwa na malaria nimemwona akienda chooni kwa hatua sawa! Mtu huyo aweke mguu kama bata? Kwa bahati mbaya? Siku yako, mbele yako, na siku yake mwenyewe akapata zote ishirini?

Na hilo taulo! Tangu nizaliwe baba yangu huoga alfajiri kabla jogoo hajawika, hataki mtu amwone. Leo ndiyo amekuwa mtu wa kuoga saa yoyote utakayooga wewe?

Anakukomoa, Nicodemus. Na ameniandikia, kwa mkono wake, nikuambie uendelee na adabu hivyo hivyo. Nimeisoma hiyo barua mara nyingi mpaka nimeunguza ugali. Nina hasira, uone mwandiko wangu ulivyopinda. Desturi ya wakwe iliwekwa ili mheshimiane. Yeye ameichukua akaigeuza singe, anakuchoma nayo, halafu anakusifu kwa kutolia.

Sasa fanya hivi. Tarehe 29 mguu ukitoka, simama mbele yake. Mwite jina. Mwambie, "Sajenti Murumba, hili hata binti yako aliliweza akiwa na miaka sita." Kisha mshike umrekebishe kama sheria inavyosema. Mbuzi wa kusafisha mwiko nitamtafuta mimi, hata kwa kuuza kanga zangu zote. Lakini mshike.

Nabalayo


Lanet
25 Machi 1957

Mama Sella,

Wewe huko Gilgil unatoa amri kama Kanali. Si wewe utakayesimama uwanjani. Unataka nimwite mzee kwa jina, nimshike mwili, na kumtania kwa binti yake, mbele ya watu thelathini? Habari itafika Kimilili kabla yangu. Nitamtazama mama yako vipi, hata kwa mbali?

Na kama kweli anafanya makusudi, basi ana shida kuliko mimi. Mimi bado nina miaka. Labda taji ni lake. Nimechoka kugombana na mtu ambaye siruhusiwi hata kumtazama.

Siwezi. Usiniandikie tena juu ya hili.

Nicodemus


Lanet
30 Machi 1957

Nabalayo,

Amenishika.

Sikia alivyofanya mumeo. Aliamuru mguu sawa, akaanza kukagua. Alinipita kama mtu mwenye akili, akaenda mpaka mwisho wa mstari. Nilijua yamekwisha. Kisha akasimama pale mwisho, mgongo kwetu, mpaka Darweshi akakohoa. Akarudi. Alirudi, Nabalayo! Akaja mpaka mbele yangu, jasho linamtiririka, akaniita kwa jina langu kwa sauti ya kusikika barabarani. Akasema hata binti yangu aliliweza hili akiwa na miaka sita. Watu walicheka. Darweshi alicheka mpaka akafuta macho. Na mumeo hakutumia fimbo wala ncha ya buti. Alipiga goti pale vumbini, akanishika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akauweka mguu wangu alipotaka. Mimi! Mikono ya mume wa binti yangu kwenye mwili wangu, watu wanatazama!

Wamempa kumi na tisa. Jana jioni wamesoma matokeo, taji ni lake. Na unajua mimi wameniandika nini kwenye ripoti? Kwamba kwata yangu ni dhaifu. Wameniona mara mbili, wanasema, mara zote mbili mguu nje. Zile ishirini nilizopata kwa kufundisha hazikuwazuia. Mimi Murumba, kwata dhaifu! Ripoti hiyo itakwenda kwa Kanali na kukaa katika faili langu hata nikifa.

Huyo si mkwe wangu tena. Aje achukue ng'ombe wake. Wewe funga vitu vyako, mchukue mtoto, panda gari moshi urudi Kimilili kwa mama yako. Sitaki kusikia kwamba umelala tena katika nyumba ya mtu huyo.

Na uniambie, nani alimpa maneno yale?

Baba yako


Gilgil
3 Aprili 1957

Baba,

Mimi ndiye niliyempa. Neno kwa neno. Yeye alikataa, ninayo barua yake ya kukataa. Sijui ni nini kilichomgeuza alipofika mwisho wa mstari, na sijamuuliza.

Sirudi Kimilili. Hasira yako naijua, nimekua ndani yake, lakini mara hii na mimi ninayo yangu na utaisoma yote.

Unasema amekuaibisha. Wewe uliaibika mapema, ulipouweka mguu wako nje. Baba, ule mguu! Wewe uliyekuwa ukitupigia hesabu nyuma ya nyumba, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mama anatuita kula unakataa, eti mstari haujanyooka. Nilikuwa nikijisifu kwa wasichana wa misheni kwamba hakuna mtu anayesimama kama baba yangu. Na wewe umekubali watu thelathini waamini hujui kusimama, ili mume wangu aanguke. Nimelia kwa sababu hiyo, kuliko nilivyolia kwa jambo lolote la Nicodemus. Unalalamika wameandika kwata dhaifu. Wangeandika nini? Waliandika walichokiona, na uliyewaonyesha ni wewe.

Nami nawakasirikia hao wenye shule vile vile, usidhani niko upande wao. Mtu ametoa ujana wake wote, wanampa kalamu wiki chache na kumwambia basi, nenda. Ni uonevu na nitausema bombani bila kuogopa mtu. Lakini kwa nini hukuniandikia? "Binti yangu, Desemba wananifukuza, mwombe mumeo aniachie." Mstari mmoja. Ningemwomba. Angekuachia, Baba. Alikuwa ameshaanza kukuachia mwenyewe, bila kuombwa, ndiyo maana nilimkasirikia na yeye. Hukuomba. Ulichukua heshima yake ukaitumia kumwibia.

Mbuzi ameshapatikana, wa rangi moja, kama inavyotakiwa. Atapelekwa Kimilili kwa wazee na ndugu wa mume wangu, na desturi itasafishwa. Mimi na wewe hatujasafishana bado.

Nabalayo


Gilgil
12 Aprili 1957

Kwa Sajenti Meja, Kampuni C

Bwana,

Mimi Sajenti Murumba P., wa Kampuni C, naomba kuachiliwa jeshini sasa, nisingoje Desemba.

Sababu: siwezi kutumika chini ya mtu aliyenigusa.

Kwa kanuni ombi la sajenti wa kampuni lazima lipite mkononi mwako ndipo lifike kwa Meja, mkuu wa kampuni. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata. Naomba ulipitishe leo.

P. Murumba, Sajenti


Kampuni C, Gilgil
13 Aprili 1957

Sajenti Murumba,

Ombi lako nimelisoma. Silipitishi.

Nimeandika na kufuta tangu asubuhi, maana sijawahi kukuandikia na sijui nikuiteje. Nitakuita kama jeshi linavyokuita. Nina hasira na wewe. Niliuogopa mguu wako kuliko nilivyowahi kuogopa risasi, na wewe ulilijua hilo, ukauleta tena siku ya pili. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimekubali kushindwa. Nilipogeuka nikamwona Owino, kijana niliyemkemea bure siku ile, ananyoosha mguu wake upya kwa woga ingawa ulikuwa sawa. Nikaona nitakuwa sajenti meja wa namna gani, au sajenti tu wa namna gani, nikiwakemea wasio na kosa kwa sababu siwezi kumgusa mwenye kosa. Ndipo nikarudi.

Sasa kazi. Mwezi ujao tunaletewa makuruta. Nimemwambia Meja kwamba mtu wa kuwafundisha kwata ni wewe, hakuna mwingine Gilgil yote, na kwamba kazi hiyo haiwezi kwisha Desemba, mwalimu aongezwe miaka. Akafungua faili. Akanisomea: kwata dhaifu. Akaniuliza kama nachezea akili yake.

Siwezi kumjibu mimi. Nikimwambia ulikosea makusudi, nimemshtaki baba wa mke wangu. Nikimwambia hujui kusimama, nimesema uongo. Atakayesema ni wewe. Ama utamwambia Meja kwa mdomo wako kwamba mguu ule uliuweka nje kwa hiari yako, na kwa nini, uadhibiwe apendavyo Meja na kisha ubaki na makuruta wako. Ama utanyamaza, ripoti isimame kama ilivyo, na Desemba uondoke ukiwa Murumba wa kwata dhaifu.

Jumatatu saa mbili, ofisini kwa Meja. Sheria inataka sajenti meja awepo sajenti anapoletwa. Nitasimama mlangoni, na muda wote utakaokuwa ukisema nitakuwa nimeelekeza uso ukutani.

N. Khaemba
Sajenti Meja, Kampuni C